Moja ya Kuongeza

Mke wangu hakuniuliza mambo mengi mwaka huu. Aliniuliza moja tu: mtoto aliye tumboni ataitwa nani. Aliniuliza siku ile ile kliniki walipomwambia kwamba ni mvulana, akaniuliza tena mwezi uliofuata nikiwa navua viatu. Mara zote mbili nilimjibu kwamba nimechoka, tutazungumza kesho.

Swali lenyewe halihitaji akili. Sisi Wanande hatukeshi tukitafuta majina. Majina ya wavulana yamejipanga foleni tangu enzi za mababu: wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Mimi ni Katembo kwa sababu nilikuja wa tano, basi, hakuna hadithi nyingine. Jina la ubatizo ndilo mzazi analochagua. Hili lingine humfikia mtoto kama zamu inavyomfikia mtu bombani. Na kwetu aliyekufa haachi zamu yake ichukuliwe na mwingine. Akishazaliwa, amehesabiwa.

Nyumbani kwangu Kawempe kuna wavulana wawili. Mkubwa ni Paluku Tresor, miaka kumi na mitatu. Mdogo ni Kasereka Arsène, miaka saba. Mnande yeyote akisikia majina hayo huhesabu kimoyomoyo, halafu huinamisha macho. Watu wengine husikia majina tu. Ndiyo maana nimeishi Kampala miaka sita bila mtu kuniuliza Kambale wangu yuko wapi.

Kambale wangu alibatizwa Fiston. Tulipokimbia vita kwetu, Tresor alikuwa anatembea mwenyewe, Arsène alikuwa mgongoni kwa mama yake, na Fiston, aliyekuwa na homa, nilimbeba mimi. Nilitaka tufike mpakani kabla hawajafunga. Tulipita zahanati moja ikiwa wazi, nikasema tutatafuta nyingine mbele. Baadaye nikamsikia amenyamaza, nikafurahi kwamba amelala. Nilikuwa nimechoka mno, sikumtazama. Tulimzika kwenye uwanja wa kanisa, kwa jembe la kuazima. Siku mbili baadaye, pale mpakani Mpondwe, askari mwenye daftari aliniuliza, “Watoto wangapi?” Mbele yangu walikuwa wamesimama wawili. Nikasema wawili.

Neno hilo moja nililisema kwa uchovu, na tangu siku hiyo limekuwa bwana wangu. Kila ofisi inaangalia karatasi ya ofisi iliyotangulia. Ukisema wawili leo na watatu kesho, wataanza kukuuliza huyo wa tatu umemtoa wapi, na faili yako itawekwa chini ya faili nyingine zote. Basi nikawa nasema wawili. Nikasema wawili kanisani, nikasema wawili shuleni. Mwaka huu muuguzi wa kliniki alipouliza mimba hii ni ya ngapi, nilijibu mimi kabla mke wangu, Kavugho, hajafungua kinywa. “Ya tatu.” Muuguzi akaandika. Kavugho alinitazama kwa muda mrefu, na jioni ile ndipo alipoanza kuniuliza jina.

Nilikuwa na mambo mengine ya kunichosha. Nafanya kazi kwenye ghala la kahawa upande wa viwandani, karibu na Bugolobi. Gunia ni kilo sitini, nami nimebeba magunia hayo hadi mgongo umegoma. Nikiinama kufunga kamba za viatu, lazima nipange kwanza jinsi nitakavyoinuka. Msimamizi wetu alisema anayejua kompyuta anaweza kufikiriwa kwa meza ya mizani, ambako mtu anakaa kwenye kiti. Nilikuwa tayari kujifunza chochote kinachofanyika mtu akiwa amekaa.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta kila Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa kanisa hapo Kawempe, na watu kumi na wanne na kompyuta nane za zamani, tukifundishwa kuandika programu. Mwalimu alikuwa binti Mnubi kutoka Bombo, Rukiah, anayesoma chuo cha Kyambogo. Alikuwa mdogo kiasi cha kuwa mwanangu, na mkali kuliko msimamizi wangu. Tulimwita ticha. Maneno ya mashine ni ya Kiingereza, lakini alitufundisha kuyasoma kwa lugha yetu: kama, la sivyo, kwa kila, rudisha.

“Kama” niliielewa haraka. Kama mvua inanyesha, anua nguo. La sivyo, ziache. Hata mbuzi anaijua hiyo. Kurudia ndiko kulikonitoa jasho. Nilisahau kuiambia mashine ikomee wapi, ikaandika jina langu kutoka juu hadi chini ya kioo, Katembo, Katembo, Katembo, bila kupumua, mpaka Rukiah akaja kuizima. Darasa zima likacheka. Mimi nilikuwa nikifikiria magunia.

Halafu ikaja funksheni, na hapo wanne waliacha kuja. Rukiah alituambia tufikirie mashine ya kusaga ya pale barabarani.

“Unampelekea mahindi, anakurudishia unga,” alisema. “Wewe hauangalii ndani. Leo unakuja wewe, kesho anakuja jirani, mashine ni ile ile. Lakini mjue kitu moja. Mukimpa mawe, haulizi. Anasaga tu.”

Nilisinzia somo lile lote, lakini maneno ya mawe niliyasikia.

Mtihani wa mwisho ulikuwa hivi: kila mmoja aandike funksheni ya jambo la kwao analolijua kwa moyo, kisha jirani yake aijaribu kwa mambo yake mwenyewe. Ikimkubali jirani, umefaulu. Ikimkataa, utangoja darasa lijalo, mwezi wa kumi. Mgongo wangu haukuwa na mwezi wa kumi ndani yake. Nikachagua jambo ninaloweza kuliandika hata nikiwa usingizini, yaani majina yetu. Unaipa funksheni namba ya mtoto, inakurudishia jina. Kama ni wa kwanza, rudisha Paluku. Kama ni wa pili, rudisha Kambale. Na kuendelea hadi wa tano. Halafu chini nikaweka orodha ya watoto wa mama mmoja kwa majina yao ya ubatizo, na mstari wa kupitia kila mtoto, umhesabu, umpe jina lake.

Kwenye orodha nikaandika Tresor, Arsène, na “mtoto” kwa yule ambaye hajaja. Nikabonyeza.

Paluku Tresor.

Kambale Arsène.

Kasereka mtoto.

Nilikaa nikiyatazama maneno yale. Mashine ilikuwa imemvua marehemu shati na kumvika mdogo wake. Na jina la Arsène ilikuwa imempa mtoto wa tumboni, wakati mwenyewe Kasereka yuko nyumbani, mzima, anapigana na jirani kwa ajili ya mpira. Haikuwa na kosa lolote. Niliipa mawe, ikasaga.

Mtu mwenye akili timamu angeiona dawa pale pale. Mimi niliiona pia, nikaipita, kama nilivyoipita ile zahanati. Nilirudi juu, ndani ya funksheni, nikaongeza mstari mmoja mfupi: kama namba inazidi moja, ongeza moja. Nikabonyeza tena. Paluku Tresor, Kasereka Arsène, Kakule mtoto. Kila mtu alikuwa na jina lake, na mimi sikulazimika kuandika lile lingine. Niliona nimekuwa fundi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiwa umechoka, fupi ndiyo unayoitaka.

Jirani yangu pale darasani alikuwa Mama Marlène. Ni Mnande mwenzangu, karibu miaka sitini, anauza vitenge, na miwani yake ameifunga kwa uzi shingoni. Alikuja kujifunza, alisema, kwa sababu alichoka kuulizwa na wanawe kama anajua kuwasha simu. Wanawe wa kiume ni wawili. Siku ya mtihani alivuta kiti, akafuta orodha yangu, akaandika yake kwa kidole kimoja. Jospin. Héritier. Kisha akabonyeza, akasogeza uso karibu na kioo.

Akavua miwani, akaipangusa kwa kitenge, akaivaa tena.

“Katembo,” alisema, “Kambale wangu umemupeleka wapi?”

Nikasoma. Paluku Jospin. Kasereka Héritier.

“Héritier ni Kambale,” alisema. “Leo asubuhi amekunywa chai yote, hata yangu. Ni muzima. Humu simuoni.”

“Ni kosa dogo, mama. Ngoja nirekebishe.”

“Si dogo. Uko unazika mutoto wa mutu akiwa anapumua.”

Hakusema kwa sauti, lakini Rukiah alisikia, akaja. Aliinama kati yetu, akapanda mistari yangu mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu, akasimama pale nilipojua atasimama.

“Mzee, hii moja unaongeza ni ya nini?”

“Ni mila,” nikasema.

“Mila ya nani? Mama Marlène si mtu wa kwenu?”

“Ya nyumbani kwangu.”

“Basi haikai hapa ndani. Hapa ndani ni ya watu wote. Kitu ya nyumba yako inakaa kwa orodha yako, huku chini.” Akagonga kioo taratibu. “Na namba haikai tu hivi bila jina, mzee. Mtu akisoma ataelewa aje? Hii moja ni nini? Ipe jina.”

Alisema vile kama anavyowaambia wote. Hakujua aliyekuwa akimgusa. Lakini hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilitaka kuifunga kompyuta ile na kurudi kwa magunia yangu, ambayo ni mazito lakini hayaulizi. Ningesema nini? Kwamba mtoto wa chuo ananifundisha kuhesabu wanangu? Nilianza kuinuka, na mgongo, kama kawaida yake, ukanirudisha kwenye kiti.

Mama Marlène akaweka mkono wake juu ya wangu. Aliongea Kinande sasa, polepole, ili Rukiah asihusike.

“Siku ya kwanza ulipotaja wanao, Paluku na Kasereka, nilijua. Sote wa kwetu tunajua. Nimekaa kando yako miezi mitatu nikingoja useme, nikasema moyoni, huyu mtu atachoka lini kubeba peke yake?” Akanisogelea. “Alibatizwa nani?”

Sikuwa nimelitamka jina lile tangu kwenye uwanja wa kanisa. Nilidhani limeozea mdomoni. Likatoka zima.

“Fiston.”

“Fiston,” akarudia. “Basi muandike.”

Nilifuta ule mstari wa kuongeza. Nikashuka kwenye orodha, nikarudisha wanangu, na kati ya Tresor na Arsène nikaandika herufi sita. Vidole vyangu ni vya magunia, nilikosea mara mbili, nikafuta, nikaandika tena. Mama Marlène akabonyeza kwa niaba yangu kwa sababu mimi sikuweza.

Paluku Tresor. Kambale Fiston. Kasereka Arsène. Kakule mtoto.

Baada ya hapo aliingiza wanawe tena, na Héritier akarudi kuwa Kambale, na mama yake akaguna kwa kuridhika. Rukiah alipita, akasoma, akasema sasa iko sawa, akaweka alama kwenye karatasi yake karibu na jina langu, akaenda kwenye benchi lingine ambako mtu alikuwa ameifanya mashine irudie bila kukoma. Nilikuwa nimefaulu. Nilikaa pale nikiwa sina hata nguvu ya kufurahi.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Kavugho alikuwa kwenye mkeka nje ya mlango, miguu ameinyoosha, ungo wa maharage mapajani, tumbo likiwa limechukua nafasi yote iliyobaki. Tresor alikuwa ameketi kizingitini na daftari la shule. Arsène alikuwa uwanjani na mpira; sauti yake ilikuwa inasikika.

Niliegemea ukuta. Kama ningeketi, ningesema nimechoka, na kama ningesema nimechoka, kesho ingekuja tena.

“Mama Paluku,” nikasema. “Mutoto ataitwa Kakule.”

Hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

“Juu ya nini?”

“Juu ni wa ine.”

“Wa ine namna gani? Hesabu, nisikie.”

Nikahesabu. “Tresor. Fiston. Arsène. Na huyu.”

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Kizingitini, kalamu ya Tresor ikasimama pia.

“Rudilia,” Kavugho alisema.

“Tresor. Fiston. Arsène. Na huyu.”

“Rudilia tena.”

Nilirudia mara ya tatu, na hapo sauti ikanikatika kwenye la pili. Kavugho alikuwa analia bila sauti, machozi yakidondokea maharage, nami nikalia nimesimama mbele ya majirani, na sioni haya kulisema.

“Nilizania ulimusahau,” alisema.

“Sikumusahau hata siku moja. Nilichoka.”

“Hata mimi nilichoka, Papa Paluku. Kila siku nilikuwa namuhesabu peke yangu. Nikipakua chakula, namuhesabu. Wewe unasema wawili, mimi nasema watatu mu roho.” Akajipangusa uso kwa kiganja. “Na kule kliniki?”

“Tutaenda sisi wawili Jumatatu. Nitasema mimi mwenyewe. Ya ine.”

“Na kama wanauliza?”

“Wataniuliza, na mimi nitajibu.”

Sijui nilitoa wapi ujasiri ule. Labda ni kwa sababu swali kubwa nilikuwa nimeshaulizwa, na binti wa watu, kwa ncha ya kalamu. Nilishuka hatimaye, nikiupanga mgongo, nikakaa kwenye ukingo wa mkeka. Nilitaka kusema jambo zuri juu ya Fiston, jambo la kumfaa mama yake, na kichwa changu kikavu kikaleta hili tu:

“Alikuwa na miaka ine tu.”

“Tano,” alisema Tresor.

Tukageuka. Hakuwa anatutazama. Alikuwa akikwaruza jalada la daftari kwa ukucha. Miaka sita yote hakutaja jina la mdogo wake, wala hakuuliza kwa nini hatulitaji, na mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba bahati nzuri Tresor alikuwa mdogo, amesahau.

“Alitimiza tano tukiwa njiani,” alisema. “Ile siku ya mwisho. Aliamuka na kuhesabu vidole, akanionesha mukono muzima. Nilitaka kukuambia, Papa. Akasema nisikuambie, juu umechoka.”

Kavugho aliusukuma ungo kando, akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja kati yangu na yeye. Tresor alikuja akaketi. Tukamwambia aanze toka mwanzo, asiache kitu.